Pikipiki ya Cheo

Adolphine alipopandishwa cheo alipewa barua yenye mihuri miwili, kofia ngumu iliyomtosha mtu mwingine, na pikipiki ambayo uzito wake haukuandikwa popote. Barua ilitaja rangi, namba ya injini, na wajibu wa kuitunza "kama baba mwema wa familia", maneno ambayo ofisi za Bukavu huyaandika hata anayetia sahihi akiwa mama wa watoto wawili. Kuhusu kilo, kimya. Hakuna aliyeona sababu ya kuuliza. Pikipiki haiuzwi kwa kilo.

Na Adolphine, kuliko watu wote wa umoja ule wa wakulima wa kahawa, ndiye aliyepaswa kuuliza. Kwa miaka sita alikuwa mpimaji wa ghala la Mudaka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, urefu wa mita moja na sentimita arobaini na nane, kilo arobaini na saba. Kilo hizo zilijulikana na kijiji kizima, kwa sababu kila asubuhi kabla ya kazi alipanda mwenyewe juu ya mizani mbele ya wakulima. Sindano ikisimama kwenye arobaini na saba, mizani haisemi uongo, kahawa ipimwe. Alipopata mimba, mara zote mbili, walitumia mawe ya mizani.

Sheria ya ghala ilikuwa moja: gunia likizidi kilo sitini linarudi kwa mwenyewe. Wakulima hawaipendi, maana gunia jipya ni pesa, na kahawa ikishindiliwa vizuri kwa goti hukubali kuingia. Lakini gunia hubebwa na mgongo wa mtu, ubao wa kupandia lorini ni mwembamba, na miaka mingi nyuma mbebaji mmoja alianguka na gunia la themanini juu yake. Tangu hapo mpimaji alikuwa na neno moja, na Adolphine alilitamka bila hasira na bila huruma: "Punguza." Sokoni Mudaka walimwita Maman Punguza. Alishajaribu kulikasirikia jina hilo, akashindwa.

Sasa alikuwa superviseur, yaani msimamizi. Angezunguka vijiji vyote vya Kabare vyenye kahawa, na kwa hiyo alihitaji pikipiki, ambayo wenyeji huiita moto. Umoja ulikuwa nazo aina mbili. Kulikuwa na ile ndogo ya bluu, ya planton, yaani tarishi wa kupeleka barua, iliyolala Mudaka nyuma ya magunia. Na kulikuwa na ile nyekundu, ndefu, yenye miguu kama ya korongo, iliyonunuliwa kwa ajili ya superviseur aliyetangulia. Huyo alikuwa mtu wa karibu mita mbili.

"Papa Grégoire," Adolphine alimwambia mkuu wa vifaa siku ya kukabidhiwa, "mi naweza chukua ile kadogo."

Grégoire alimtazama kwa masikitiko, kama anavyotazamwa mtu aliyekaribishwa nyama akaomba sombe, majani ya muhogo. "Ile ya planton? Maman Adolphine, weye sasa uko chef. Batu banaangalia. Unataka baseme tulikupatia grade, tukakunyima moto?"

Jumapili iliyofuata pikipiki ilipelekwa uani kwa kanisa, na baada ya misa abbé aliinyunyizia maji ya baraka kuanzia taa ya mbele hadi kwenye kiti, akitaja jina la Adolphine mara tatu. Watu walipiga makofi. Mama yake, maman Domitille, alilia kidogo, kisha akaomba apigwe picha ameshika usukani. Hapo mlango ulifungwa. Chombo cha ofisi unaweza kukirudisha. Chombo kilichobarikiwa kwa jina lako ukikirudisha, unamrudishia nani?

Barua ilikuwa na mstari wa mwisho ambao Adolphine aliusoma mara nyingi kuliko mingine. Siku ya kumi tangu kukabidhiwa, Ijumaa, angeendesha kutoka ofisini Nyalukemba hadi ghala la Mudaka, Grégoire akimfuata nyuma na karatasi. Akishindwa, kazi inakwenda kwa Edouard wa hesabu, na Adolphine anarudi kwenye mizani. Edouard hakuwa mtu mbaya. Ila tayari alikuwa amejaribu ile kofia, na ilimtosha.

Alipewa mwalimu: Zagabe, fundi wa pikipiki mwenye kibanda cha mabati chini ya barabara ya ziwani. Siku ya kwanza Zagabe alimpandisha juu ya kiti na kutazama miguu yake ikining'inia.

"Inafika?" akauliza.

"Kidole kimoja."

"Cha mguu gani?"

"Kinategemea."

Zagabe alikuna kichwa. Aliomba apewe siku mbili, akatoa sponji ya kiti hadi kikabaki kama benchi la kanisa, akalegeza springi za nyuma. Dada yake Adolphine alileta viatu vya soli nene, vilivyonunuliwa kwa ajili ya harusi. Mumewe Patrice, mwalimu wa jiografia, mtu mrefu na mtulivu, alitoa mchango mkubwa zaidi: alikaa nyuma yake. Adolphine aliendesha, na kila waliposimama Patrice alishusha miguu yake pande zote mbili kama nguzo za meza. Mambo yalikwenda vizuri sana. Wapanda pikipiki wa kijiweni walisimama kutazama.

"Maman, ile stand ya moto yako ulinunua wapi?" mmoja aliita. "Iko na diplôme!"

"Tena inavaa kravati!" akadakia mwingine.

Patrice aliwapungia mkono. Jumatatu shule ilimtaka darasani, na Adolphine akabaki na miguu yake mwenyewe.

Jioni ya siku hiyo alianguka mbele ya geti la nyumba yao. Hakuwa katika mwendo. Alikuwa amesimama, akageuza usukani kuzidi kidogo inavyopaswa, na pikipiki ikaanza kuinama. Mwanzoni iliinama polepole, kwa adabu, kama inayoomba ruhusa. Kisha ilipita pale ambapo mikono yake ingeweza kuizuia, na baada ya hapo hapakuwa na la kuzungumza. Bomba la moshi lilitua juu ya shavu la mguu wake wa kulia. Alibaki chini yake kwa muda wa kuhesabu hadi arobaini, kwa maana alihesabu, mpaka walinzi wawili wa jirani wakaja kuinyanyua. Kidonda alikifunga kwa kitambaa na kushusha kitenge hadi kwenye vifundo. Mtu akimwuliza kwa nini anachechemea, alisema ni viatu vya dada.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Aliogopa kitu kimoja, nacho kilikuwa na mahali pake: mpando wa udongo unaotoka sokoni Mudaka hadi ghalani. Upande mmoja ni ukingo, upande mwingine ni mfereji wenye kina cha mtu. Aliujua kwa sababu kwa miaka sita aliona magunia yakipandishwa pale.

Jumatano alimwambia Zagabe ukweli. "Ni nzito, Zagabe. Siyo mwendo. Mwendo naweza. Ikisimama, njo inanishinda."

"Basi tuipunguze," alisema Zagabe, na Adolphine alishtuka kidogo kusikia neno lake mdomoni mwa mtu mwingine. "Petroli nayo iko na uzito. Litre moja, karibu grammes sept cent cinquante, robo tatu ya kilo. Réservoir, hii tangi, inajaa litre kumi. Tukiacha moja na nusu tu, umeshatoa kilo sita."

Ilikuwa hesabu safi, na Adolphine alikuwa mtu wa hesabu. Walichota petroli kwa mpira na kuitia ndani ya kidumu. Kilo sita zikabaki kibandani kwa Zagabe. Alhamisi alifanya mazoezi kutwa nzima, pikipiki ikamtii kuliko siku zote, na hakuna aliyefungua tangi kutazama ndani.

Ijumaa mvua ilinyesha alfajiri, ikakoma saa moja. Saa mbili Adolphine alitoka getini Nyalukemba, Grégoire nyuma yake juu ya pikipiki yake mwenyewe, kravati imeingizwa katikati ya vifungo vya shati ili isipepee. Ofisi nzima ilikuwa barazani. Edouard alimpungia mkono kwa uungwana.

Barabara ya lami haikumpa taabu. Alichagua mahali pa kusimama mapema, karibu na ukingo wa barabara, ili mguu upate pa kukanyaga. Penye msongamano alikawia kwa makusudi, akiacha magari yatangulie ili asilazimike kusimama. Walitoka mjini, wakashika njia ya Kavumu, na kwa mara ya kwanza tangu ile barua alidhani kwamba huenda mambo yakawezekana. Sokoni Mudaka wanawake wenye mafungu ya maharage walimtambua hata ndani ya kofia.

"Maman Punguza! Uko juu kweli!"

Akakata kulia, akaingia mpando.

Udongo ulikuwa umelowa, rangi ya ngozi ya kiatu kipya. Gia ya kwanza. Mbele yake palikuwa wazi. Nyuma yake alimsikia Grégoire, na nyuma ya Grégoire lori lililobeba kreti za bia, likiunguruma polepole. Alifika katikati, mahali ambapo mpando husimama zaidi na mfereji hukaribia, na hapo injini ikakohoa.

Alielewa mara moja. Ndani ya tangi kile kilichobaki kilikuwa kimekimbilia nyuma kwa sababu ya mwinamo, na bomba lilikuwa likinyonya hewa. Dawa yake ni ndogo sana: kuna kifungo chini ya tangi, upande wa kushoto, unakizungusha na akiba inafunguka. Lakini kukizungusha kulitaka mkono wa kushoto uache klachi. Mkono wa kulia ulishika breki ya mbele. Mguu wa kulia ulikanyaga breki ya nyuma. Kwa hiyo mguu wa kushoto ndio ulipaswa kushika dunia.

Injini ikazimika. Aliushusha mguu wa kushoto, akatafuta. Soli ya harusi ikapapasa hewa, ikapata tope, ikateleza. Pikipiki ilianza kuinama upande wa mfereji, polepole, kwa adabu ileile ya siku ya geti.

"Shika! Maman, shika!" Grégoire alipiga kelele.

Wapo watu wangeshika. Adolphine aliliona bomba la moshi, akauona mfereji, akakumbuka kuhesabu hadi arobaini. Akaachia. Alirukia upande wa juu, akaangukia viganja na magoti. Nyuma yake pikipiki ilijibwaga kwa ubavu, ikateleza kwa makalio kuelekea chini, ikasimama gurudumu la nyuma likining'inia juu ya mfereji. Lori lilifunga breki. Kreti zote za bia zilisema neno moja, kisha kimya.

Grégoire alishuka. Alikuwa mtu wa kilo themanini na tano, mwenye mabega, na kwa miaka mingi alikuwa akigawa pikipiki kwenye karatasi. Alishika usukani, akavuta. Pikipiki ilinyanyuka kiasi cha kuingiza mkono, kisha ikarudi chini. Akabadilisha mkao, akavuta tena, na viatu vyake vya ofisini vikamwacha. Alikaa topeni taratibu, kravati ikatoka mafichoni. Wabebaji watatu wa ghala waliteremka mbio. Wanne pamoja, kwa kuhesabu moja, mbili, waliisimamisha.

Wakulima walikuwa wameshajaa ukingoni. Siku ya kupima, watu hawakosi. Na mzee mmoja, ambaye mwezi uliopita tu gunia lake la kilo sabini na nne lilirudishwa nyumbani, aliona malipo yamefika.

"Maman Punguza!" aliita kwa sauti ya kanisani. "Pu-ngu-za!"

Mpando mzima ukacheka. "Punguza! Punguza!"

Adolphine alisimama katikati ya kicheko hicho, matope hadi mapajani, kitenge kimepanda na kitambaa cha kidonda kinaonekana. Machozi yalikuwa karibu. Yalikawia kwa sababu kichwa chake, kwa mazoea ya miaka sita, kilikuwa kimeshaanza kuangalia jambo lingine: watu wanne. Gunia linalotaka watu wanne halifiki hata kwenye mizani. Linarudishwa mlangoni.

"Ipandisheni ghalani," aliwaambia wabebaji. "Muweke juu ya mizani."

"Maman, examen imekwisha," alisema Grégoire, akijikung'uta makalio.

"Mi sisemi examen, Papa Grégoire. Nasema mizani."

Ndani ya ghala mpimaji mpya alisogea bila kuambiwa. Adolphine alipanda kwanza peke yake, kwa desturi. Sindano ilisimama kwenye arobaini na nane. "Moja ya matope," alisema, na wakulima waliitikia kwa vichwa. Wabebaji wakaipandisha ile nyekundu, wakaishikilia kwa ncha za vidole. Mia moja na arobaini. Akatoa kilo moja ya matope hapo pia, kwa haki.

"Cent trente-neuf," alisoma kwa sauti. "Na tangi iko tupu."

Hakuna aliyecheka. Kwa watu wa Mudaka namba iliyosomwa kutoka mizani ile ilikuwa na uzito kuliko hotuba. Yule mzee wa kilo sabini na nne alivua kofia akajikuna. "Mara tatu ya mwenye kuibeba," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa yeye mwenyewe. "Hii ingerudishwa."

Nyuma ya magunia waliitoa ile ya bluu. Kuku alikuwa ametaga kwenye kapu lake la barua, wakahamisha mayai. Kilo tisini na sita.

Adolphine aliishika usukani, akaiinamisha, akailaza chini kwa makusudi mbele ya watu wote. Grégoire alifumba macho, kwa kuwa ilikuwa mali ya umoja. Kisha Adolphine aliigeuzia mgongo kama Zagabe alivyomfundisha, makalio yakiegemea kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma, akasukuma kwa miguu akirudi kinyumenyume. Haikuinuka. Alipumua, akavua viatu vya dada, akasukuma tena peku. Ikanyanyuka, ikasita, ikasimama. Akapanda. Nyayo zote mbili zilikaa sakafuni, visigino navyo.

"Ile iko ya planton," alisema Grégoire, lakini kwa sauti ya chini. Alitoka nje kupiga simu kwa directrice, mkurugenzi wa umoja, maman Chantal. Simu ilikuwa ya zamani, na sauti ya maman Chantal ilikuwa ya kuongoza mikutano, hivyo ghala lote likasikiliza.

"Ameshindwa?"

"Alianguka, Maman. Ku ile mpando."

"Na moto? Nani aliinyanyua?"

Grégoire alitazama viatu vyake. "Mi, na batu batatu."

"Bane."

"Bane, ndiyo."

"Akianguka huko juu mu mashamba, peke yake na mvua, hao bane atabatoa wapi? Utakuwa unamufuata kila siku? Iko ingine hapo?"

"Kadogo tu, Maman. Ya barua. Lakini grade yake—"

"Ashuke nayo mpaka soko, apande tena, pale pale. Ikimushinda, Jumatatu Edouard anaanza. Andika vile unaona, Grégoire. Usiandike vile unataka."

Adolphine alitia petroli kutoka kidumu cha ghala, akakikagua kifungo cha akiba mara mbili, akateremka. Kushuka aliuburuta mguu wa kushoto juu ya udongo, kwa sababu sasa ulifika. Sokoni aligeuka. Kicheko cha asubuhi kilikuwa bado kwenye ukingo kinamngojea, watu wamekaa kama kwenye mechi. Grégoire alisimama katikati ya mpando, pale pale, na karatasi yake.

Alipanda kwa gia ya kwanza. Alipofika pale alipoangukia asubuhi, tairi la nyuma likakanyaga alama laini ya lori, likateleza kuelekea mfereji, na injini ikazimika kwa kishindo kidogo. Akashusha miguu yote miwili. Mmoja ulishika. Mwingine uliingia topeni hadi kifundoni, na ile ya bluu ikalala chini yake, taratibu, akiishusha kama mtu anayelaza mtoto.

Ukingo wote ulivuta pumzi. Grégoire alipiga hatua mbili, mkono mbele.

"Acha," alisema Adolphine bila kumtazama. "Weye andika."

Akageuza mgongo. Chini ya makalio yake alizisikia kilo tisini na sita, zote, na matope juu yake ambayo hakuna aliyeyatoa kwenye hesabu. Mara ya kwanza nyayo ziliteleza. Alichimba shimo dogo kwa kisigino, akaweka mguu humo, akasukuma hadi kidonda cha mguu kikamwaka. Pikipiki ilipanda juu ya mgongo wake kidogo kidogo, ikasimama. Akashika breki, akapanda, akakanyaga kiwashio. Mara moja, mara mbili. Ya tatu iliitikia. Alimpita Grégoire kwa umbali wa mkono, akafika ghalani.

Alipozima injini ndipo alipolia, si kwa muda mrefu, kofia ikiwa bado kichwani. Nje walikuwa wakipiga kelele, na jina lilikuwa lile lile.

Ripoti ya Grégoire kuhusu ile ya bluu ina mistari miwili. "Candidate ameangusha chombo mara moja. Amekinyanyua mwenyewe." Chini yake pana mihuri miwili.

Katika daftari la vifaa, superviseur Adolphine bado ana pikipiki nyekundu, kwa kuwa daftari linafuata vyeo. Kila Jumatatu mlinzi huiwasha dakika tano ili betri isife, na wageni wakija huoneshwa. Edouard aliomba kuijaribu mara moja. Alirudi kwa miguu na hakusimulia.

Ijumaa ile, kabla ya kupanda kilima cha nyumbani, Adolphine alisimama kwa wauza mafuta na kufungua tangi la ile ya bluu. Kijana wa pampu alimwuliza amtilie kiasi gani. Neno lilikawia kidogo mdomoni, kwa kukosa mazoea.

"Jaza," alisema.